Majani ya Shangazi

Mama yangu amekuwa mpishi wa shughuli kwa miaka 26. Harusi, hitima, arobaini, maulidi. Kama umewahi kula pilau ya kualikwa kwenye zile barabara zenye namba za Ngamiani, Tanga mjini, kuna uwezekano mkubwa umekula mkono wake. Kwa hiyo siku daktari alipomwambia apunguze chumvi, Mama alimtazama yule kijana, ambaye labda ananizidi miaka mitatu, akamwuliza kwa upole kabisa, "Kwenye sufuria ipi, mwanangu?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kikaratasi. Kiliandikwa 192 kwa 114.

Mkataba wangu wa kazi Dar es Salaam ulikuwa umekwisha mwezi uliotangulia, na dada yangu yuko Mwanza na watoto wadogo wawili. Hakukuwa na kikao cha familia. Nilirudi nyumbani na begi moja, na jioni ileile nikaingia jikoni. Mwanamume wa miaka 28, mwenye shahada, anapara samaki uani huku majirani wanapita. Mmoja alimwuliza Mama, akidhani sisikii, "Kwani huyu bado hajapata kazi?"

"Anayo," Mama akajibu. "Kazi ya kuninyima chumvi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Ukikisikia kijiko unaona ni kingi. Ila humo imo chumvi ya mkate, ya vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa kila duka, ya dagaa wakavu, na kwa sisi watu wa Tanga, ya papa. Mama anapenda bada kwa papa kuliko chakula chochote duniani, na papa mkavu ni chumvi iliyovaa ngozi ya samaki. Nilimwondolea papa. Nikaondoa vidonge vya mchuzi. Nikapika maharage yasiyo na kitu, samaki asiye na kitu, mchicha usio na kitu. Mama alikuwa anakula matonge matatu, anasema Alhamdulillahi, anasukuma sahani.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa," alisema siku moja.

"Lakini Mama, wewe ni mgonjwa."

Kauli ile ninaijutia mpaka leo. Hakunijibu. Aliondoka akaenda kukaa barazani.

Wiki ya tatu nilikuwa nakunja mkeka baada ya chakula cha usiku nikaona chembe nyeupe upande aliokaa yeye. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Kesho yake nilimtega. Tulipokaa kula, mkono wake wa kushoto ulishuka kwenye pindo la kanga, pale wanawake wa kwetu wanapofunga hela, ukafungua fundo taratibu bila yeye kulitazama. Alikuwa amefunga chumvi. Mpishi ambaye watu wanampigia simu kutoka Korogwe na Pangani anakula kwake kwa wizi, kama mtoto anayeiba sukari. Sikusema kitu. Sikujua hata nimkasirikie nani.

Shangazi yangu, dada wa marehemu Baba, anaishi Muheza, pembeni ya barabara ya kwenda Amani. Hapo lazima nieleze jambo ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Baba alipofariki aliacha ekari mbili zilizopakana na za Shangazi. Siku ya arobaini, Mama alisema neno kuhusu mipaka, na Shangazi akajibu neno kuhusu wanawake wanaoletwa na ndoa. Hayo ni maneno mawili tu, yaliyosemwa na watu wenye huzuni waliokesha. Tangu hapo mawifi hawa wanapelekeana salamu kupitia midomo ya watu. Shangazi ndiye anayelima zile ekari mbili, na Mama hajakanyaga Muheza.

Mimi nilikwenda kuzuru kaburi la Baba, kama tunavyofanya kabla ya Ramadhani. Nilifika kwa Shangazi mchana, nikampa shikamoo, akanivuta kwa kichwa kama bado nina miaka sita. Akaleta kuku na wali. Nilimaliza sahani ya kwanza, nikaongeza ya pili, na katikati ya ile ya pili ndipo ulimi wangu, ambao kwa wiki tatu ulikuwa kama mkaguzi wa chumvi, ukashtuka.

"Shangazi, hapa umeweka chumvi?"

"Kidogo, ya kudanganyia." Alikuwa anachokonoa mfupa. "Mimi nina presha mwaka wa tisa huu, baba. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Naamini Mama naye hakujua.

Nililala pale, na asubuhi akanipeleka kuona alichoniwekea kwenye ile sahani. Nimezaliwa mkoa huu, nimekunywa chai ya mchaichai tangu utotoni, na bado nilikuwa mjinga kabisa wa majani. Shangazi ana utaratibu wake. Hachumi kabla umande haujakauka, kwa sababu jani lililolowa huozea kikapuni. Na hachumi baada ya saa tatu, kwa sababu jua likishika, yale mafuta yanayonukia ndani ya jani huanza kuruka. "Ukisikia shamba zima linanukia saa sita mchana," alisema, "ujue harufu yako ndiyo hiyo inaondoka." Kwa hiyo tuna saa moja na nusu hivi, basi.

Tulianza na mchaichai, ambao ameupanda kwa mstari kwenye mteremko ili ushike udongo wakati wa masika. Niliukamata kwa majani nikavuta, ukanichana vidole vitatu kwa mpigo. Shangazi alinionyesha: shika shina chini kabisa, kata kwa kisu karibu na ardhi, usiguse jani kwa ukingo wake. Kwetu tunatumia majani kwenye chai tukayatupa, lakini yeye ananiambia ile sehemu nyeupe ya chini, nene kama kidole, ndiyo yenye kazi. Unaiponda kwa mchi mara mbili tatu, unaitupia kwenye nazi.

Mrehani umezunguka kibaraza chake. Huu nao una adabu yake. Hukwanyui jani mojamoja kama kuku anayedonoa. Unakata ncha ya tawi, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana, na hapo hapo yatachipua matawi mawili badala ya moja. Ukiuacha utoe maua na mbegu, majani huwa madogo na machungu. Shangazi anaukata kila wiki hata kama hauhitaji, na mrehani wake una kimo cha kiuno changu.

Jirani yake kuna kivumbasha, ambao ukiutazama haraka utadhani ni mrehani huohuo, maana ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukiupekecha mkononi harufu ni kali, inafika puani kama dawa ya kuchua. "Huyo si wa chakula," Shangazi alisema. "Huyo ni wa mbu." Anautundika mlangoni na kuufukiza jioni. Nakuomba uukumbuke huu kivumbasha, maana utarudi.

Nanaa iko chini ya bomba la uani, inatambaa kila upande mpaka ameifungia ndani ya ndoo iliyotoboka. Giligilani anaipanda mbegu kila baada ya wiki mbili tatu kwa sababu kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Wengine hapa wanaiita kotmiri, na ukivuka mpaka wa Horohoro ukaingia Kenya utaambiwa dania, jani lilelile. Kwenye kopo la rangi ana rozmari, iliyotokana na kikonyo alicholetewa na binti yake aliyeolewa Lushoto. Na nyuma ya nyumba kuna mti wa mdalasini. Nilidhani mdalasini ni gome tu. Akanipa jani nilitafune: halikunukia mdalasini, lilinukia karafuu.

Barabara inayopita mbele ya nyumba yake inapanda mpaka Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi yao ya kilimo mwaka 1902 na kuotesha mimea ya kutoka kila pembe ya dunia. Sijui kama mti wa Shangazi una uhusiano wowote na bustani ile, naye hajali. Ila mdalasini kwao ni Sri Lanka na mchaichai ni wa Asia, na ninalitaja hilo kwa sababu ya mabishano yaliyonisubiri nyumbani kuhusu jani lipi ni la kwetu na lipi si la kwetu.

Alinifungia kila aina peke yake kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, akapanga kwenye kikapu, akanyunyiza maji kidogo juu. Ndani ya kosta kondakta alisema gari yake leo inanukia kama kigodoro. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama nimepitia kwa Shangazi kumsalimu. Alikitazama kikapu kwa muda.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Nimezipokea," akasema, na kuondoka.

Nilikosea mambo mengi siku za mwanzo. Mrehani niliuweka kwenye friji, asubuhi nikaukuta mweusi kama uliounguzwa. Sasa nauweka kwenye bilauri yenye maji, kama maua, mbali na jua, unakaa siku tano. Giligilani ndiyo inayotaka friji, ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Nilitia kila jani kwenye chungu mwanzoni kabisa, likachemka mpaka likawa nyasi. Sasa nafahamu kwamba majani magumu, kama la mdalasini na rozmari, yanavumilia moto na yaanze mapema. Mchaichai unafungwa fundo ili uweze kuutoa. Vikonyo vya giligilani vinakwenda na kitunguu, lakini majani yake yanasubiri mpaka sufuria imeshaipuliwa. Mrehani unachanwa kwa mkono dakika ya mwisho. Haya niliyajifunza kwa kuharibu, na mharibiwa alikuwa mama yangu.

Siku ya changu ndiyo ninayoikumbuka. Nilikuwa nimenunua changu mbichi kule Deep Sea, wanaposhushia wavuvi. Nikamchana mbavuni, nikamjaza saumu, tangawizi, pilipili, giligilani iliyopondwa na ndimu mbili, nikamwacha alale. Nikamchoma kwa mkaa. Nazi nikaipika pembeni na ule weupe wa mchaichai mpaka ikawa nzito. Chumvi ilikuwa kidokozi kimoja kwa samaki mzima. Nilipochukua mrehani kuuchana, Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda bila mimi kujua, akasema, "We! Unafanya nini na mrehani?"

"Naweka kwenye mchuzi."

"Mrehani ni wa kikuba. Ni wa bibi harusi. Unapikwa mrehani?"

Ana haki. Kwetu mrehani unafungwa pamoja na asumini, unawekwa kifuani au kwenye nywele. Nina picha ya Mama siku ya harusi yake, na kikuba kinaonekana. Kumpikia mrehani ilikuwa kama kumkaangia manukato yake. Nilimwambia kuna nchi wanaupika kila siku. Akasema basi wapike wao. Nikamwambia Shangazi anaupika. Hapo alinyamaza, na nikajua nimekosea tena.

Lakini hakuondoka. Alikuja mpaka kwenye jiko, akachukua mwiko, akadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja. Hivyo ndivyo anavyoonja hata sufuria ya kilo 50 za mchele: tone moja kiganjani, analilamba, anafumba macho. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na watu wazima wakisubiri kimya mpaka afumbue.

Alifumbua. "Ongeza ndimu," alisema. "Na ule mrehani, kama lazima, uwe kidogo."

Usiku ule mkono wake wa kushoto haukushuka.

Kwa hiyo nikaanza kwenda Muheza kila baada ya wiki mbili. Nilikuwa mtu mwenye furaha, na mtu mwenye furaha siku hizi lazima aweke stetasi. Nilipiga picha kikapu, jua la asubuhi limekipata vizuri, nikaandika: "Dawa ya Mama inatoka shambani, si dukani." Watu 60 waliitazama. Mama alikuwa mmoja wao.

Kwenye stendi yetu kuna jamaa anauza chupa yenye maji ya kijani. Kwa mujibu wa kipaza sauti chake, chupa moja inatibu presha, sukari, nguvu za kiume na mikosi. Nilikuwa nampita kila safari nikitabasamu kwa dharau. Sasa nikimkumbuka, tofauti yangu naye ilikuwa kwamba mimi sikuwa na kipaza sauti.

Tulirudi kliniki mwezi wa tatu. Nilikwenda kifua mbele. Nilitaka kabisa muuguzi aniulize namlisha nini. Alifunga kile kitambaa mkononi mwa Mama, akakipuliza, akatazama, akakipuliza tena mkono wa pili. 186 kwa 112.

"Vidonge anameza?" aliniuliza mimi, si yeye.

"Kila siku," nikasema, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naweka viwili kwenye kisahani na bilauri ya maji, na kila asubuhi kisahani kilikuwa kitupu.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji bila kuzungumza. Jioni nilikuwa natafuta iliki. Mama ana makopo ya viungo ambayo hayagusi mtu, yamepangwa kwa mpango anaoujua yeye. Kopo la iliki lilikuwa zito. Chini ya iliki kulikuwa na vidonge, vya aina mbili, vingi sana. Nilivimimina mezani nikaanza kuvihesabu, nikaacha nilipofika 70.

Mama alinikuta hapo. Hakujitetea mwanzoni. Alikaa kitini, akavirudisha kimoja kimoja kwenye kopo kama mtu anayechambua mchele.

"Mimi nakunywa dawa," alisema. "Asubuhi na usiku. Mchaichai, jani la mdalasini na kivumbasha. Nachemsha mwenyewe ukiwa umelala."

"Kivumbasha? Mama, kile ni cha mbu!"

"Si wewe mwenyewe uliyekileta? Si wewe uliyeandika, dawa inatoka shambani?"

Sikuwa na la kusema. Kivumbasha nilikuwa nimekileta kweli, nitundike dirishani kwake. Na maneno yalikuwa yangu, yenye picha nzuri. Presha haina maumivu. Hilo daktari alituambia siku ya kwanza, kwamba mtu anaweza kutembea nayo miaka asisikie chochote mpaka siku mshipa unapopasuka kichwani. Mama alikuwa anajisikia vizuri. Alikuwa anakula tena, anacheka, na chai yake ilinukia. Angejuaje? Mimi niliyesoma nilimpa majani na maneno yaliyokosewa kwa mkono mmoja.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa hadithi: mama wa Kiswahili anaamini mitishamba, kijana msomi anamwelimisha. Ingekuwa rahisi kuandika hivyo. Lakini tulipokaa muda mrefu, taa ikakatika, ikabaki sauti tu, Mama akasema jambo jingine kabisa.

"Kile kidonge kidogo kinanikojoza."

Kikojozi kile hakikumwacha. Anaanza kupika saa nane za usiku, sufuria nne kwenye mafiga, kuni zinawaka, wasaidizi wake wasichana wawili. Pilau haiachwi. Na kwenye nyumba za watu, choo kiko ndani, wamelala wageni kila chumba mpaka ukumbini. Mara mbili alishindwa kujizuia. Mara ya pili ilikuwa kwenye harusi, akawaambia wale wasichana amejimwagia maji ya mchele, akamaliza kupika na kanga mbichi mpaka jua linatoka. Hakumwambia mtu. Ni mwanamke wa miaka 57 anayeitwa Bi Mkubwa na kila anayeingia jikoni. Alirudi nyumbani akaviweka vidonge chini ya iliki, na wiki hiyohiyo mwanawe akaingia na kikapu na tangazo.

Majani hayakumdanganya. Yalikuwa kisingizio kizuri tu, na chenye harufu.

Kliniki nilirudi naye, safari hii nikakaa nje. Alitoka na karatasi mpya. Daktari alikuwa amebadilisha kidonge kimoja na kupanga upya saa za kumeza, jambo lililomchukua dakika kumi. Dakika kumi ambazo zingeweza kutokea miezi mitatu nyuma, kama yupo aliyemwuliza Mama kazi yake ni nini na inafanyika saa ngapi. Hata mimi sikumwuliza. Muuguzi akanielekeza mlangoni: majani endeleeni nayo kwenye chakula, vidonge viko palepale.

Safari iliyofuata Muheza nilimsimulia Shangazi, isipokuwa ile habari ya kanga mbichi, ambayo Mama ameniruhusu niiandike hapa lakini si kumwambia wifi yake. Shangazi aliacha kukata mchaichai. Aliingia ndani akatoka na kimkebe cha plastiki chenye vidonge vyake.

"Mimi namezea chai ya mchaichai," alisema. "Lakini nameza. Mwaka wa tisa. Nani alimwambia nimepona kwa majani?"

Nilitazama chini.

Jumamosi yake, saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yetu Ngamiani. Shangazi alishuka na kikapu kwenye mapaja, kanga imemkaa vibaya kwa upepo. Hakupiga simu. Mama alitoka mlangoni. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake.

"Hodi, wifi."

Kilipita kimya ambacho mimi nilikihesabu kwa mapigo ya moyo.

"Karibu," Mama alisema. "Kikapu kiingize jikoni, jua kali."

Ningependa kuandika kwamba walikumbatiana. Walikaa kwenye mikeka miwili tofauti, wakachambua giligilani, na kwa saa nzima walizungumza bei ya nazi. Mpaka wa zile ekari mbili haukutajwa, na haujatajwa mpaka leo. Siku moja itabidi mimi na dada yangu tuutaje, na ninaliogopa neno hilo kuliko ninavyoogopa kliniki. Lakini saa saba mchana kila mmoja alitoa vidonge vyake, Mama kutoka kwenye bahasha mpya, Shangazi kutoka kwenye kimkebe, wakameza wakitazamana kama watu wanaoshindana.

Kisha wakabishana kuhusu mrehani. Shangazi anautia mpaka kwenye maharage. Mama alisema hilo halijapata kuonekana Tanga nzima. Shangazi akasema Tanga haiishii Ngamiani. Niliwaacha humo ndani nikaenda kununua mkaa.

Mwezi uliopita kipimo kilikuwa 148 kwa 92. Bado ni juu, muuguzi alisema, ila njia ni hiyohiyo. Kwenye shughuli Mama anapika kama zamani, chumvi ya wageni ni ya wageni, na pembeni ya mafiga ana kisufuria chake kidogo chenye kifuniko ambacho wasichana wamekatazwa kukigusa. Papa anakula mara moja kwa mwezi, aliyelowekwa usiku kucha na kumwagwa maji mara mbili, na bado ananung'unika kwamba tumemuosha mpaka amesahau bahari. Nanaa tumeiotesha kwenye ndoo uani. Mrehani ulikataa mara mbili, wa tatu umeshika.

Ijumaa hii nakwenda tena Muheza. Mama amenipa orodha kwa mdomo, kwa sababu haamini orodha za simu: mchaichai mashina kumi, giligilani, majani ya mdalasini, rozmari kidogo, kivumbasha cha dirishani. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu alinifuata mpaka mlangoni.

"Na mwambie wifi," alisema, "giligilani yake ya safari ile ilikuwa na mchanga."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Mwambie hivyohivyo. Na umpelekee hii." Akanipa bakuli la kachori, limefunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kanga yake.

"Mama, hizi zina chumvi?"

"Kidogo," alisema. "Ya kudanganyia."